Kabla ya Kumtia Mtoto Katika Tiba ya Tabia

Wazazi wa mji huu wa Lubumbashi, wawe wa Katuba au wa Golf, wa Kampemba au wa Ruashi, huniuliza jambo moja kwa sura nyingi. Mtoto amepimwa na kuonekana kuwa na usonji, ambao wengi wetu huuita otisimu. Kisha mtu wa kuaminika, pengine mwalimu, pengine jamaa aliyeko Ubelgiji, pengine mtaalamu aliyefungua chumba cha mafunzo, amewaambia kwamba njia ya kumsaidia ni tiba ya tabia, itajwayo kwa herufi ABA, na kwamba kila mwezi upitao bila tiba hiyo ni mwezi uliopotea. Nao walipotafuta habari zaidi, wakakuta watu wazima wenye usonji wakishuhudia kwamba tiba hiyo hiyo iliwaumiza utotoni. Wazazi hubaki kati ya hofu mbili, wasijue wamsadiki nani.

Mimi nashauri kwamba ushuhuda wa waliotibiwa usikilizwe kwanza, ndipo ahadi ya mwenye kutibu ifuate. Tiba hii inatufikia Lubumbashi ikiwa imechelewa, na safari hii kuchelewa kuna faida, maana twaweza kuipokea pamoja na maneno ya wale waliofanyiwa, ilhali wazazi wa California wa miaka ya 1960 hawakuwa na mtu wa kuwaonya. Simkatazi yeyote kutafuta msaada. Namtaka mzazi aingie mlangoni mwa kituo akijua la kuuliza.

Wanaopinga ni akina nani

Si watu wa juzi, wala si watu wasiojulikana. Mwaka 1993, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Toronto, Jim Sinclair, ambaye mwenyewe ana usonji, aliwasihi wazazi wasimwombolezee mtoto aliye hai kana kwamba amefariki, kwa kuwa anayeliliwa ni mtoto waliyemtarajia, na huyu aliye mbele yao bado anahitaji wazazi. Mwaka 2004 Michelle Dawson wa Kanada aliandika hoja ndefu akiwashutumu wataalamu wa tiba ya tabia kwamba huwatendea watoto wenye usonji mambo ambayo maadili ya kazi yao yasingeyakubali kwa watoto wengine, na hoja hiyo akaifikisha hadi Mahakama Kuu ya nchi yake. Mwaka 2006 kikaanzishwa nchini Marekani chama cha watu wenye usonji wanaojitetea wenyewe, Autistic Self Advocacy Network. Na Julia Bascom, aliyekuja kukiongoza, alieleza mwaka 2011 jinsi alivyoshikiliwa mikono akiwa mtoto, huku akilia, ili ajifunze kutulia.

Insafu yanitaka niseme pia kwamba watu wenye usonji hawana kauli moja. Temple Grandin, profesa wa elimu ya wanyama ajulikanaye dunia nzima, amesema mara nyingi kwamba kufundishwa mapema na kwa bidii kulimfaa sana. Lakini hata yeye hasemi kwamba kila kifanywacho kwa jina la mafundisho ni chema.

Wanalolalamikia hasa

Malalamiko yao ni mengi. Nataja yale ambayo mzazi wa hapa aweza kuyapima kwa macho yake.

- Kwamba lengo la mafunzo aghalabu ni kumfanya mtoto afanane na wengine: amtazame mtu machoni, asipunge mikono, asijiyumbishe. Lakini kujiyumbisha ndiko kunakomtuliza, na kutazamwa machoni kwa wengi wao ni taabu kweli kweli. Mtoto aliyenyang'anywa kinachomtuliza hakutulia. Amejifunza kutaabika bila kuonekana.
- Kwamba kilio chake huhesabiwa kuwa tabia mbaya ya kupuuzwa. Mwalimu hugeuza uso makusudi mpaka mtoto anyamaze, na kunyamaza huko huandikwa daftarini kuwa ni maendeleo.
- Kwamba anachokipenda, kama biskuti, gari la kuchezea, au hata kukumbatiwa, huwekwa mbali naye na kugeuzwa ujira wa utii.
- Kwamba saa ni nyingi mno. Mtoto wa miaka 3 afanyishwe kazi saa 40 kwa wiki, kama mfanyakazi wa migodi ya Gécamines?
- Kwamba anafundishwa kumtii kila mtu mzima, katika kila amri, hata mwili wake unapokataa.

Hili la mwisho ndilo linalonitia hofu kuliko yote, nami naomba lisomwe mara mbili. Mtoto ambaye kwa miaka mingi amezoezwa kwamba kukataa kwake hakuna maana, kwamba akisukuma mkono wa mtu mkono huo hurudi palepale, na kwamba mtoto mwema ni yule anayekubali kushikwa, amekwisha kutayarishwa kwa ajili ya mtu mwovu atakayemkuta peke yake. Watu wengi wenye usonji wameeleza kwamba walipodhulumiwa hawakujua hata kama wana haki ya kusema hapana. Kwa hiyo, popote mtakapompeleka mwanenu, pimeni mafunzo yake kwa kipimo hiki: je, hapana yake inapata nguvu zaidi, au inakufa?

"Lakini siku hizi hakuna makofi"

Ni kweli kwamba vituo vingi vimeacha makofi, na wapo walimu wapole wafundishao kwa michezo, ambao singependa kuwaonea. Hata hivyo mzazi ajue ilikotoka ahadi anayopewa. Ole Ivar Lovaas, wa chuo kikuu cha California mjini Los Angeles, ndiye aliyeieneza tiba hii; na mwaka 1965 gazeti la Life lilichapisha picha za kazi yake, zikionyesha watoto wakikemewa kwa ukali, wakipigwa makofi, na hata wakitishwa kwa umeme. Mwaka 1987 alitoa taarifa ya watoto 19 waliofundishwa takribani saa 40 kwa wiki, akasema 9 kati yao walifikia hali ya watoto wa kawaida, na humo ndimo ilimozaliwa ile kauli kwamba nusu ya watoto hupona. Wasemao hivyo mara chache huongeza kwamba watoto hao hawakugawanywa kwa kura ili ulinganisho uwe wa haki, na kwamba sauti kali ya "hapana" na kofi la pajani vilikuwa sehemu ya mafunzo yale.

Juu ya saa nyingi, uchambuzi mpana uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la JAMA Pediatrics, ukijumlisha tafiti nyingi za watoto wadogo, haukupata dalili thabiti kwamba kuongeza saa kunaongeza faida. Basi mtu akiwaambia kwamba saa 10 hazitoshi na lazima zilipwe 40, mwombeni awaonyeshe hoja yake.

Tena dhuluma ya zamani haijafutika yote. Katika shule moja ya Massachusetts, Judge Rotenberg Center, wanafunzi walivishwa chombo cha kuwapiga umeme. Serikali ya Marekani ilikipiga marufuku mwaka 2020, na mwaka 2021 mahakama ikaitengua amri hiyo.

"Wanaolalamika wanaweza kusema, mwanangu hasemi"

Hoja hii huletwa na wazazi wenye watoto wenye mahitaji makubwa, na haistahili kudharauliwa, kwa kuwa mama anayemlisha, kumwosha na kumlinda kijana wa miaka 14 usiku na mchana ana haki ya kuuliza kama msemaji wa mkutanoni anajua maisha yake. Lakini si kweli kwamba walalamikao wote husema kwa kinywa. Mwaka 2007 Mel Baggs, ambaye alikuwa akiandika kwa mashine badala ya kusema, alitoa filamu fupi ambamo kwanza aonekana akiimba bila maneno na kuchezesha vidole katika maji, na baadaye, kwa sauti ya mashine, akaeleza kwamba hayo yalikuwa mazungumzo yake na vitu vilivyomzunguka, na kwamba watu humhesabu kuwa na akili pale tu anapotumia lugha yao.

Asiyesema ndiye anayehitaji ulinzi zaidi, maana hawezi kurudi nyumbani akawasimulia kilichotendeka.

"Lakini huku kwetu ataitwa mlozi"

Hapa ndipo ushauri uliotoka Ulaya au Marekani unapotuacha njiani. Mama huniambia: hao wanasema mtoto aachwe apunge mikono, lakini mimi naishi katika uwanja wa nyumba nne, jirani ana kikundi cha maombi, na mtoto anayecheka peke yake usiku, asiyeitika akiitwa, huanza kunong'onwa. Si afadhali nimfunze kutulia, kwa adhabu ikibidi, kuliko aje achukuliwe na watu wa kumwombea kwa kumshindisha njaa?

Hofu hiyo ina msingi, na asiyeijua Lubumbashi asiicheke. Watoto wa nchi hii wamefukuzwa majumbani kwa tuhuma ndogo kuliko hizo. Lakini tazameni jinsi hesabu hii inavyomwangukia mtoto: kosa ni la mwenye kutuhumu, na anayerekebishwa ni mtuhumiwa. Zaidi ya hayo, mtoto aliyelazimishwa kujizuia tangu asubuhi huzidiwa jioni, na kishindo cha kuzidiwa kwake, kwa makelele na kujipiga kichwa, huwatia majirani shaka kubwa kuliko mikono iliyopungwa.

Haya ndiyo nishauriyo badala yake.

1. Semeni mapema, kabla ya uvumi kusema. Kambo (babu na bibi), wajomba na shangazi, mwenye nyumba na jirani wa ukuta mmoja waambiwe kwa maneno mafupi: mtoto huyu amezaliwa na ubongo wa namna nyingine, masikio yake husikia kelele kama maumivu, na akipunga mikono anajituliza.
2. Mkumbusheni anayetuhumu kwamba sheria haiko upande wake. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 41, imekataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, imeweka kwa kosa hilo kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 3. Tena iko sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Cheti cha tabibu kieleze hali ya mtoto, nanyi muwe na nakala yake nyumbani na nyingine mfukoni.
3. Chagueni mahali badala ya kukataza kitendo. Kama ibada yenye vipaza sauti humtesa, mzazi mmoja aende na mwingine abaki naye, au wakae karibu na mlango ili watoke upesi. Soko la Kenya laweza kuendewa asubuhi mapema, kabla ya msongamano.
4. Mtoto mkubwa aweza kuelezwa ukweli: "Hapa watu hawaelewi, ukihisi mwili unataka kuruka, nishike mkono tutoke." Hiyo ni hekima ya kujilinda, nayo ni tofauti kabisa na kumwambia kwamba mwili wake ni aibu.

Na yeyote atakayewaambia mtoto afungwe kamba, anyimwe chakula, apakwe pilipili, au anyweshwe maji ya klorini yauzwayo kama dawa ya usonji, huyo asimkaribie, awe na joho la mchungaji au koti jeupe.

Maswali ya kumuuliza mwenye kituo

Yaulizeni kabla ya kulipa ada, mkiwa wawili kama yawezekana, na majibu yaandikwe.

- Naweza kukaa ndani, au kuchungulia wakati wowote, bila kutoa taarifa? Akijibu kwamba mzazi humharibia mtoto mafunzo, msiendelee.
- Mtoto akilia mnafanya nini? Jawabu jema huanza kwa kutafuta sababu.
- Mwanangu atawaonyeshaje kwamba amechoka au hataki, nanyi mtaacha?
- Ni mambo gani mtakayomfundisha mwezi wa kwanza, na kila moja litamfaa nini yeye mwenyewe? Kwenda choo, kuomba maji, kuvuka barabara ya malori yaendayo Kasumbalesa, hayo yanamfaa. Kutazama machoni kwanza kunamfaa nani?
- Je, mtoto hunyimwa chakula chake ili afanye kazi kwa njaa?
- Mmewahi kuona mtoto aliyeumizwa na mafunzo haya, na mlifanya nini? Swali hili ni zito, kwa sababu hata watafiti wenyewe, kama ilivyoonekana katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, ni wachache mno wanaoandika madhara ya tiba zao.

Msiridhike na jina. Wapo wafanyao mambo magumu kwa jina jingine zuri, na wapo waitwao ABA ambao, ukikaa nao siku nzima, unawakuta wakicheza na mtoto sakafuni na kumfuata anakoelekea. Kinachohukumiwa ni kile mnachokiona chumbani.

Dalili za kuwatahadharisha

Mtoto hukakamaa au hutapika mnapokaribia mtaa wa kituo. Alikuwa anajua choo, sasa ajikojolea. Usingizi umevurugika. Huficha mikono chini ya mapaja akimwona mtu mzima. Hungoja kuruhusiwa hata kunywa maji. Amekuwa kimya mno, na wageni wanawapongezeni. Dalili moja kwa siku moja huenda ikawa malaria au jino. Zikikusanyika kwa wiki 2, msimamisheni kwanza, ndipo muulize.

La kufanya nyumbani, pasipo dola nyingi

Familia nyingi za hapa hazina kituo wala fedha zake, na ndizo ninazozifikiria zaidi niandikapo haya, kwa sababu mzazi asiye na mwalimu huiga video za simu, akaongeza fimbo pale video inapomshinda.

Anzeni na mawasiliano. Pigeni picha za vitu vya kila siku, kikombe, sahani ya bukari, choo, kitanda, mlango, mkazichapishe studio, au mzichore kwenye katoni, mkaziweke mahali mtoto anapofikia. Picha ya kwanza kabisa iwe ya "basi, sitaki". Mwonyesheni maana yake kwa vitendo: akiigusa katikati ya mchezo, mchezo usimame papo hapo, hata kama ulikuwa unamfurahisha kila mtu. Baada ya kuona kwamba neno lake lina nguvu, wengi hupunguza kuuma na kupiga, maana hiyo ilikuwa njia pekee ya kusema jambo lile lile.

Wapo waambiwao waache Kiswahili, Kibemba au Kiluba nyumbani na kumsemesha mtoto Kifaransa peke yake, ati lugha nyingi zinamchanganya. Msikubali. Tafiti zilizowachunguza watoto wenye usonji wa nyumba za lugha mbili hazikuona kwamba lugha ya pili inawadhuru, na mtoto anayenyimwa lugha ya kambo yake amenyimwa nusu ya jamaa wa kuzungumza naye.

Tafuteni sababu kabla ya kurekebisha tendo. Akijipiga, chunguzeni meno, masikio, tumbo, homa, njaa, kisha kelele: umeme unapokatika jenereta za mtaa mzima huwashwa kwa pamoja, na kwake huenda ni kishindo kisichovumilika. Pamba masikioni, au chumba cha nyuma chenye pazia, huweza kufanya kile ambacho mwezi wa mazoezi haukufanya.

Yapo mambo ambayo hapana yake haiwezi kukubaliwa, kama sindano, dawa, au kushikwa mkono barabarani. Hapo msimdanganye wala msimvamie. Mwambieni kitakachofanywa, mwonyesheni kwa picha au kwa mwanasesere, mpeni la kuchagua katika lile lisilochagulika, mkono upi, akae kwa nani, na mkimaliza mwambieni imekwisha, kisha iwe imekwisha kweli.

Anayetaka mafunzo yenye mpango, aulize habari za mafunzo ya walezi yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani, yaliyokwisha kujaribiwa kwa wenzetu wa Ethiopia, ambayo ni vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani, na msingi wake ni mzazi kujifunza kushiriki katika mchezo na shughuli za mtoto. Kwa vipimo na cheti, nendeni kwa matabibu wa hospitali kubwa za mji, mkiwaomba waandike kwa bayana.

Kama mmekwisha kulipa

Ada imetolewa, mtoto amekwisha kuanza, na baba asema fedha hazitupwi. Si lazima kila kitu kivunjwe leo. Mwandikieni mwenye kituo barua fupi: mafunzo ya choo, ya kuvaa na ya kuomba msaada yaendelee, ya kutazama machoni na ya kutuliza mikono yaachwe, mtoto apewe picha yake ya "basi", na mmoja wenu akae ndani. Mpeni wiki 2. Mwalimu mwema atashukuru kujua mnachokitaka, nami nimewaona waliobadili chumba chao chote kwa barua ya namna hiyo. Akikataa, mtoeni mtoto, na fedha iliyobaki ihesabiwe kuwa imepotea, kwa maana saa zilizobaki zingempotezea mtoto zaidi.

Na kama mwanenu amekwisha kuwa kijana, msiamue peke yenu. Mwulizeni kwa picha, kwa maandishi, kwa kumpeleka hadi mlangoni na kumtazama afanyavyo. Mpeni siku kadhaa, kwa kuwa wengi wao hujibu baada ya muda mrefu. Na akijibu kwamba hataki, tafuteni mwalimu mwingine, mkianza kwa kumweleza mwalimu huyo ni nini kijana alichokikataa kwa yule wa kwanza.